Mota Inayokubali Maji

Chombo chochote kiendeshwacho kwa umeme chini ya maji hukabiliwa na tatizo ambalo gari halina wala ndege haina. Mota hukaa ndani, mahali pakavu. Rafadha hukaa nje, majini. Na baina ya viwili hivyo hapana budi ipite shafti inayozunguka. Palipo na shafti pana tundu, na palipo na tundu maji hutafuta njia. Kwa zaidi ya karne moja wahandisi wamepambana na tundu hilo kwa mipira, kwa grisi, kwa mafuta na kwa kamba zilizoshindiliwa. Siku hizi watengenezaji wengi wa roboti ndogo za majini hutumia jibu jingine, ambalo likisikika mara ya kwanza hufanana na mzaha: huyaacha maji yaingie ndani ya mota.

Roboti inayozungumziwa hapa ni chombo kidogo kisicho na mtu, chenye kamera na taa, kinachoongozwa kwa waya na mtu aliye mashuani au ufukoni. Kazi zake si za ajabu: kukagua nyavu za vizimba vya samaki katika Ziwa Victoria, kutazama matumbawe, kuchungulia nguzo za gati au sehemu ya chini ya mashua. Kazi hizo zisipofanywa na chombo hufanywa na mzamiaji, na mzamiaji hupumua hewa ya kuhesabiwa. Fremu ya roboti ya namna hii yaweza kuundwa kwa mabomba ya plastiki yauzwayo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na kamera ndogo si ghali kama zamani. Kinachowashinda vijana wengi ni kisukumizi, yaani mota pamoja na rafadha yake. Kikiharibika katika safari ya pili, roboti nzima huishia kabatini.

Uzito wa maji juu ya kifuniko

Kila aliyepiga mbizi anajua jinsi masikio yanavyobanwa. Kanieneo, yaani kani inayolemea kila kipande cha eneo, huongezeka kwa kiasi cha nyutoni 10 juu ya kila sentimita mraba kwa kila meta 10 za kina. Yafaa mwanafunzi akadirie maana yake kwa kopo la mota lenye kifuniko cha kipenyo cha sentimita 10. Eneo la kifuniko hicho ni karibu sentimita mraba 78.5. Kwa kina cha meta 10 maji hukisukuma kwa ndani kwa kani ya nyutoni 785, sawa na uzito wa mtu mzima wa kilo 80 aliyesimama juu yake. Kwa kina cha meta 100 kani hiyo huwa mara kumi zaidi, yaani uzito wa kilo 800, ambao ni ng'ombe wawili walionona.

Kifuniko kisichosogea chaweza kutengenezwa kinene kikavumilia. Shafti haina bahati hiyo. Mpira unaoizunguka ukiwa umebana sana, mota hupoteza nguvu zake kwa kusuguana nao. Ukiwa umelegea, maji hupita. Tena mpira uliobana vizuri leo huchakaa kesho, hasa penye mchanga. Njia moja ya kuupunguzia mpira mzigo ni kulijaza kopo mafuta badala ya hewa, kwa kuwa mafuta hayabonyei kama hewa, na kanieneo ya ndani yaweza kulinganishwa na ya nje. Vyombo vikubwa vya kitaalamu hufanya hivyo hadi leo. Vijana wamefanya jambo linalofanana nalo kwa gharama ndogo. Katika mradi wa SeaPerch, ambao chimbuko lake ni kitabu cha Harry Bohm na Vickie Jensen kilichotolewa mwaka 1997, mota ndogo ilitiwa ndani ya kikopo cha filamu ya kamera, na kikopo kikajazwa nta. Ni mbinu nzuri kwa bwawa la kuogelea. Hata hivyo nta haishikamani na shafti milele, na siku maji yakipenya huikuta mota ya aina isiyoweza kuyavumilia.

Kwa nini mota ya kawaida hufa majini

Mota ndogo za kawaida, kama zile za vitu vya kuchezea na za vipangusio vya vioo vya magari, zina sumaku zilizotulia na koili zinazozunguka. Kwa kuwa koili zinazunguka, haziwezi kuunganishwa na betri kwa waya wa moja kwa moja. Waya ungejisokota na kukatika. Umeme hupitishwa kwa vipande viwili vya kaboni, viitwavyo brashi, ambavyo hugusa pete ya shaba iliyokatwakatwa juu ya shafti. Pete hiyo, komutata, ndiyo inayogeuza mwelekeo wa mkondo kila koili inapopita mbele ya sumaku, ili msukumo uendelee upande uleule.

Mota hii ikijaa maji baridi ya ziwani yaweza kuendelea kuzunguka kwa muda, jambo ambalo huwadanganya wengi. Lakini brashi na komutata ni metali na kaboni zilizo wazi, zenye volti baina yake, ndani ya kimiminika. Elektrolisisi huanza papo hapo. Shaba iliyo upande chanya huliwa na kugeuka tope la kijani. Unga wa kaboni huchanganyika na maji na kujaza nafasi zilizo kati ya vipande vya komutata. Baharini mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mamia ya mara kuliko maji ya Ziwa Victoria.

Mota isiyo na brashi imeupindua mpango huo. Koili zimetulia, na sumaku ndizo zinazozunguka. Kwa kuwa sumaku haihitaji waya, hakuna mahali popote ndani ya mota ambapo umeme hulazimika kuruka kutoka kitu kilichotulia kwenda kwa kitu kinachozunguka. Kila sehemu yenye umeme yaweza kufunikwa kabisa kwa kihami. Hapa ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Mota ya brashi ina sehemu ambayo lazima iwe uchi ili ifanye kazi. Mota isiyo na brashi haina sehemu hiyo.

Aina inayofaa zaidi ni ile ambayo sumaku zimebandikwa upande wa ndani wa ngoma ya chuma, na ngoma hiyo huzunguka kwa nje, ikizifunika koili zilizosokotwa juu ya meno ya chuma. Mpango wa kawaida ni meno 12 na sumaku 14. Koili zimegawanywa katika makundi matatu, na ndiyo maana nyaya zinazotoka ni tatu. Kazi iliyokuwa ya komutata hufanywa na kidhibiti mwendo, kifaa chenye transista zinazowasha na kuzima makundi hayo kwa zamu, hatua sita kwa kila jozi ya sumaku inayopita. Sumaku 14 ni jozi saba. Kwa hiyo mzunguko mmoja una hatua 42. Mota ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, transista hubadilishana zamu mara 2,100 kila sekunde. Kazi hiyo haikuwezekana kabla ya transista. Maelezo ya mashine ya namna hii yalitolewa na Wilson na Trickey nchini Marekani mwaka 1962. Sumaku za neodimiamu, zenye nguvu nyingi kwa umbo dogo, zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Japani na Marekani, na baadaye biashara ya ndege ndogo zisizo na rubani ikaishusha bei ya mota hizi hata mwanafunzi akaweza kuinunua.

Je, maji hayazuii nguvu za sumaku? La. Kwa upande wa usumaku maji hayana tofauti kubwa na hewa, hivyo uga wa sumaku hupita ndani yake bila kudhoofika. Hasara iliyopo ni msuguano wa maji yaliyo kati ya ngoma na meno, nayo ni ndogo kwa mwendo wa kadiri. Faida zake ni mbili kubwa. Kwanza, maji huondoa joto la koili haraka kuliko hewa. Pili, na hili ndilo linalopaswa kumfurahisha mwalimu wa fizikia, tatizo la kanieneo hutoweka. Maji yaliyo ndani hujibizana na maji yaliyo nje kwa kani iliyo sawa, na hakuna kifuniko cha kubonyezwa. Kilichobaki ni shaba, chuma na plastiki, vitu vigumu ambavyo haviujali sana uzito wa maji. Mwaka 2014 kampuni ya Blue Robotics ya California ilianza kuuza visukumizi vilivyoundwa kwa wazo hili: koili na sumaku zilizofunikwa kwa epoksi, na beringi za plastiki zilizolainishwa na maji yenyewe. Hakuna ndani yake siri ambayo karakana ya shule haiwezi kuijaribu.

Wazo la kulainisha kwa maji, kwa kweli, ni la zamani. Katika karne ya 19 meli za mvuke zilifungiwa beringi za lignum vitae, mti mgumu wenye utomvu wa mafuta, na shafti ya rafadha ilizunguka humo ikiwa imelowa maji ya bahari.

Kuitayarisha mota

Mota ya ndege ndogo ikitumbukizwa majini kama ilivyotoka dukani itafanya kazi, na wengi huishia hapo wakidhani wamefaulu. Vanishi iliyopakwa juu ya waya wa koili huwa na vitobo visivyoonekana kwa macho, na baharini kila kitobo ni mwanzo wa elektrolisisi. Chuma cha meno hushika kutu, nayo kutu huvimba. Sumaku za neodimiamu zimefunikwa kwa nikeli nyembamba. Nikeli ikikwaruzwa, sumaku huliwa kwa ndani, hupasuka, na vipande vyake huikwamisha ngoma.

Kwa hiyo mota hufunguliwa kwanza. Koili na meno husafishwa mafuta kwa spiriti na kukaushwa, kisha hupashwa moto wa kiasi, uvuguvugu ambao mkono waweza kuuvumilia, ili epoksi itakayopakwa iwe nyepesi na kupenya katikati ya nyaya. Nafasi iliyo kati ya meno na sumaku aghalabu haifiki nusu milimita. Hivyo tabaka la epoksi juu ya uso wa meno halina budi kuwa jembamba sana, na mota igeuzwegeuzwe wakati inakauka ili epoksi isijikusanye upande mmoja. Sumaku nazo hupakwa, hasa kwenye pembe zake. Mapovu ya hewa yaliyonaswa katika epoksi ni adui: kina kikiongezeka, povu hubonyea na tabaka hupasuka.

Beringi za gololi za chuma cha kawaida hushika kutu haraka mno baharini. Yafaa ziondolewe na mahali pake pawekwe vikuta vya plastiki vilivyokerezwa, vyenye tundu kubwa kuliko shafti kwa sehemu ndogo ya milimita ili maji yapate kupita. Hapa kuna mtego. Nailoni, ambayo hupatikana kwa urahisi, hunyonya maji na kuvimba. Kikuta kilichozunguka vizuri mezani hukaba shafti baada ya siku moja majini. Asetali ni bora zaidi. Mota iliyotengenezwa hivi isizungushwe kwa muda mrefu ikiwa kavu, maana maji ndiyo grisi yake.

Nyaya tatu za mota huingia katika kopo kavu lenye kidhibiti mwendo. Tundu la waya usiosogea huzibwa kwa epoksi bila shida, na hii ndiyo faida iliyotafutwa tangu mwanzo: tundu linalozunguka limebadilishwa kuwa tundu lililotulia. Hata hivyo waya wenye nyuzi nyingi huweza kuyavuta maji ndani ya ganda lake kama utambi wa taa unavyovuta mafuta, na fundi akashangaa kuona maji koponi ilhali kila kizibo ni kizima. Dawa yake ni kulimenya ganda kipande kidogo mahali waya unapopita ndani ya epoksi, na kuziunganisha nyuzi kwa risasi ya kulehemia ili zisiache nafasi kati yake.

Kabla ya kuifunga, mota hujaribiwa katika maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kadiri ya chumvi ya bahari. Ncha moja ya betri ya volti 12 hutumbukizwa katika maji hayo pamoja na mota. Ncha nyingine huunganishwa, kupitia mita ya umeme, na nyaya tatu zilizokusanywa pamoja zikiwa juu ya maji. Mita ikionyesha mkondo wowote, kihami kina tundu. Kazi yote ifanywe kwa betri tu. Umeme wa nyumbani usikaribishwe penye maji kwa sababu yoyote.

Hesabu ya msukumo

Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, na kosa la kawaida ni kuifunga mota ya ndege, iliyokusudiwa mwendo wa kasi sana, moja kwa moja kwenye rafadha ya majini. Kila mota huandikwa idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Mota ya mizunguko 1,000 kwa volti, ikipewa volti 12, hutaka kuzunguka mara 12,000. Majini haiwezi, mkondo hupanda na kidhibiti mwendo huungua. Kwa rafadha inayohitaji wati 60 katika mizunguko 3,000, mota hiyo huvuta karibu ampea 20, ambapo mota ya mizunguko 350 kwa volti huvuta ampea 7 tu. Joto la koili zenyewe halitofautiani sana ikiwa mota zina ukubwa mmoja, kwa kuwa ile ya pili ina waya mwembamba na mrefu zaidi. Zinazookoka ni nyaya na transista.

Rafadha husukuma chombo mbele kwa kuyatupa maji nyuma. Kani ni kiasi cha maji kinachotupwa kila sekunde kuzidisha kwa kasi kinachopewa. Rafadha ya kipenyo cha milimita 76, ikiwa imefungwa mahali pamoja katika maji baridi, ili ipate msukumo wa nyutoni 20, yaani uzito wa kilo mbili hivi, hutupa karibu kilo 6.7 za maji kila sekunde kwa kasi ya meta 3 kwa sekunde. Nishati inayochukuliwa na maji hayo ni wati 30. Msukumo ukitakiwa uwe maradufu, nyutoni 40, wati hazifiki 60, zinafika 84. Sababu ni kwamba maji huongezeka na kasi yake huongezeka pia, na nishati hufuata mraba wa kasi. Msukumo ukirudiwa mara mbili, umeme huzidi mara 2.8.

Kwa upande mwingine, rafadha ya kipenyo maradufu hutoa nyutoni 20 zilezile kwa wati 15, kwa kuwa hutupa maji mengi kwa kasi ndogo. Anayetaka betri yake idumu huchagua rafadha kubwa iendayo polepole. Hizo ni hesabu za rafadha kamilifu. Rafadha halisi hula karibu maradufu, na iliyochongwa vibaya hula zaidi. Pete yenye umbo la faneli iliyozunguka rafadha, ambayo Ludwig Kort wa Ujerumani aliifanyia kazi katika miaka ya 1930, huongeza msukumo wakati chombo kinakwenda polepole, tena hulinda vidole.

Kipimo cha pipa

Yote hayo yaweza kupimwa shuleni. Ubao imara hupitishiwa msumari katikati ili uwe wenzo. Kisukumizi hufungwa ncha ya chini, ndani ya pipa la maji. Ncha ya juu hufungwa mizani ya springi ya maabara. Mikono miwili ya wenzo ikiwa sawa, mizani husoma msukumo wenyewe. Volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati. Vipimo sita au saba vikichorwa kwa logi pande zote mbili, wati zikiwa wima, mwinamo wa mstari unapaswa kukaribia 1.5. Wanafunzi wasome mizani katika sekunde chache za mwanzo. Rafadha iliyotajwa hulisukuma pipa zima la lita 200 katika muda wa nusu dakika, na maji yakishaanza kuzunguka pamoja nayo msukumo hushuka bila mota kuwa na kosa.

Baada ya kila safari ya baharini kisukumizi husuuzwa kwa maji baridi. Ufuko wenye mchanga mweusi uepukwe, kwani mchanga huo una madini ya chuma, na sumaku huyavuta hadi yakajaa ndani ya ngoma. Jaribio la maji ya chumvi na betri lirudiwe kila mwezi, kwa maana mkondo mdogo unaovuja huonekana kwenye mita majuma kadhaa kabla mota haijafa. Kikuta cha plastiki nacho hubadilishwa shafti inapoanza kucheza. Dalili yake ni mkwaruzo wa ngoma juu ya meno, ambao husikika wazi kwa mtu aliyeweka sikio ubavuni mwa pipa.